Mama aliyenikatalia mara mbili, na kidevu nilichobaki nacho

Kwa miaka 11 nililala na kibano chini ya mto. Kingine kilikaa kwenye mkoba, na cha tatu ofisini, kwenye droo, nyuma ya boksi la pini. Mwanamke mwenye ndevu anajua sababu. Kioo cha bafuni husitiri mambo, lakini jua la saa nne likipenya kwenye dirisha la gari halina staha. Unashusha kile kioo kidogo cha juu, unajitazama, unakuta unywele mmoja mweusi umesimama kidevuni kama mlingoti, na siku nzima mkono hautoki hapo.

Mwezi uliopita nimemaliza kikao cha 9 cha leza ya kuondoa nywele kwenye kidevu na shingo. Makwapa nilimaliza kabla, kwa vikao 6. Ndugu na marafiki huniuliza pembeni kama kitu hiki kinafanya kazi, na kila mara jibu langu huwa refu kuliko walivyotaka, basi nimeamua kuliandika mara moja. Nimepita kliniki mbili na sitaji jina la yoyote. Ya kwanza iliniumiza, sina haja ya ugomvi nayo. Ya pili naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyokatika nitasema ilikatikia wapi.

Nianze na ya kwanza, tuimalize upesi. Nilipokelewa na binti mchangamfu, akanilaza, akanipaka jeli ya baridi, akasema, "Tunaanza, dada." Hakuuliza kitu kingine chochote. Mashine ilikuwa na kichwa chenye kioo cha mstatili, na kila kilipopiga kilitoa mwanga mweupe kama kamera ya studio. Niliambiwa ni leza. Haikuwa leza. Ilikuwa IPL, taa kali inayomwaga mwanga wa rangi nyingi kwa pamoja, kuanzia kama nanomita 500 hadi 1200 (nanomita ndiyo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), wakati leza hutoa mwanga wa urefu mmoja tu wa wimbi. IPL ina watu wake, hasa wenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi. Ngozi yangu ni ya kahawia iliyokolea. Kwenye kipimo cha ngozi cha Fitzpatrick, kile alichokianzisha daktari Thomas Fitzpatrick mwaka 1975 na ambacho leo kina madaraja sita, kutoka ngozi nyeupe sana hadi nyeusi sana, mimi niko la tano. Kwa ngozi kama yangu taa ile haijui kutofautisha unywele na mimi mwenyewe.

Nilipigwa vikao vinne pale, kila baada ya wiki mbili. Nywele hazikuanguka. Yule binti alikuwa akishusha nguvu ya mashine kwa hofu ya kuniunguza, nami nikimshukuru kwa upole wake, kumbe hapo ndipo kisa changu kilipokuwa kikiharibika. Joto dogo haliui mzizi, na mara nyingine huuamsha. Pembeni mwa taya, mahali nilipokuwa na malaika tu, zile nywele laini ambazo huzioni mpaka ugeuke juani, zikaanza kuota nyeusi na nene. Madaktari wa ngozi wanaijua hali hiyo ya nywele kuongezeka baada ya leza au IPL. Hutokea zaidi usoni na shingoni, kwa watu wenye ngozi ya kahawia, hasa wanawake wenye shida ya homoni. Yaani wangeweza kuniandika jina kabisa. Kikao cha nne binti akapandisha nguvu kwa mkupuo, nikatoka na alama mbili za mstatili shavuni, nadhifu kama mihuri ya posta. Zilichukua miezi saba kufifia.

Nikakaa mwaka mzima sitaki kusikia neno leza. Aliyenirudisha ni mdogo wangu wa kiume. Kazi yake inamtaka anyoe kila asubuhi, na shingo yake ilikuwa imejaa vipele vya ndevu, vile vinavyotokea unywele uliojipinda unapoingia tena ndani ya ngozi badala ya kutoka nje. Daktari wa ngozi alimwelekeza kwenye leza ya Nd:YAG. Siku alipokuja kunitembelea nikamtazama shingo nikadhani nimemfananisha. Akaniambia, "Dada, wewe hukupigwa leza. Ulipigwa picha."

Kwenye kliniki ya pili nilikutana na mama wa makamo, muuguzi wa miaka mingi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni na daftari gumu lenye mistari. Mimi humwita Mama Daftari, yeye hajui. Kliniki ina kompyuta, lakini yeye huandika kwanza kwa kalamu. Aliniuliza maswali kwa muda wa kama dakika arobaini. Hedhi inakuja kwa mpangilio? Nilianza kuota ndevu lini? Mama yangu anazo? Nimewahi kupata makovu yanayovimba? Nimeungua jua karibuni? Natumia dawa gani? Nikamtajia doksisaiklini niliyoandikiwa kwa chunusi, akaweka mstari chini yake, kwa sababu dawa hiyo hufanya ngozi iwe nyepesi kuungua kwa mwanga. Mwisho akanishika kidevu, akakigeuza dirishani, akauliza, "Umeng'oa lini?"

Nikasema juzi.

"Basi leo hatupigi, mwanangu. Rudi baada ya wiki sita. Kibano ukiweke mbali, nta pia na uzi pia. Ukizidiwa, nyoa."

Nilikasirika. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini na nimejipa moyo wa kulala tena kwenye kitanda kile. Lakini alichukua kipande cha karatasi akanichorea, na ule mchoro ndio ulionifungua macho kuliko maelezo yote niliyowahi kusikia. Alichora unywele umezama ngozini kama mche, na mzizi wake chini umevimba. Leza, akasema, haioni nywele. Inaona rangi nyeusi iliyomo ndani yake, melanini. Rangi ile hunywa mwanga, mwanga unageuka joto, joto linashuka na kusambaa mpaka kwenye seli zinazouzalisha unywele. Ndiyo hesabu waliyoiandika Rox Anderson na John Parrish wa Boston mwaka 1983: ukichagua urefu wa wimbi na muda wa mpigo kwa usahihi, unaweza kukiunguza kitu chenye rangi na kukiacha salama kilicho jirani yake. "Sasa wewe," akasema, "umeshang'oa utambi, halafu unataka taa iwake?"

Wembe haudhuru kitu hapo. Unakata shina la juu tu na kuacha utambi ndani. Ila kunyoa ndevu kwa wembe, kwa mwanamke, ni jambo lingine kabisa, na hili nitalisema polepole kwa sababu ndilo lililonishinda zaidi kuliko maumivu. Maisha yangu yote nimeaminishwa kwamba ukinyoa, zitarudi nene na nyingi. Si kweli. Wembe hauufikii mzizi, kwa hiyo hauwezi kubadilisha unene wala idadi. Unywele uliokatwa hubaki na ncha butu, ndiyo maana unakwaruza kidole na kuonekana mnene. Nililijua hilo kwa akili. Lakini asubuhi ya kwanza kujipaka povu na kuvuta wembe chini ya kidevu mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo, nilijiona kama ninayeiba. Mume wangu alinikuta siku ya tano. Akasimama mlangoni, akaniangalia, akasema, "Unanyoa kinyume. Fuata zinavyolala." Ndiyo mazungumzo yote tuliyofanya juu ya ndevu zangu katika miaka 9 ya ndoa, na yalinitosha.

Wiki sita zilipopita nilirudi, nimenyoa jana yake jioni kama nilivyoagizwa. Hii ya kunyoa siku moja kabla nayo ina maana yake. Nywele zikiachwa ndefu juu ya ngozi, zenyewe hunywa mwanga, huungua nje na kukuunguza, na mzizi hupata makombo. Hata hivyo siku hiyo pia hakunipiga uso mzima. Alipiga majaribio matatu chini ya taya, kila moja kwa nguvu tofauti, akaandika daftarini, akanirudisha nyumbani kwa wiki mbili. Kwenye ngozi yenye melanini nyingi doa linaweza kuchelewa kujitokeza, kwa hiyo kuangalia baada ya dakika kumi ni kujidanganya.

Kuhusu mashine niseme kidogo tu, maana matangazo mengi yamejaa majina ya mashine na yanamchanganya mtu bure. Kuna aleksandriti yenye nanomita 755, kuna daiodi ya 800 hadi 810, na kuna Nd:YAG ya 1064. Kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo melanini inavyolinywa kidogo zaidi na ndivyo mwanga unavyozama chini. Nd:YAG basi hupita kwenye ngozi nyeusi bila kuibabua na kwenda kuutafuta mzizi. Lakini huduma hiyo ina gharama yake: kwa kuwa hainyweki kwa urahisi, huumiza zaidi, na ikikutana na nywele nyembamba zilizopauka haina la kuzifanya. Aliyeniambia "mashine yetu inafaa ngozi zote na nywele zote" kule kwa kwanza alikuwa anauza. Mama Daftari alinionyesha kwa kidole zipi zitakufa na zipi hazitaguswa, kabla sijalipa.

Kikao chenyewe. Unavaa miwani ya kinga, ile iliyotengenezwa kwa wimbi la mashine hiyo hiyo, kwa sababu leza ikiingia jichoni haikupi nafasi ya pili. Kwa sababu hiyo hiyo hawapigi chini ya nyusi, na ukiona mahali wanakubali kukupiga hapo, chukua mkoba wako. Kisha inakuja pumzi ya baridi kali ya kupoza ngozi, na mara hiyo hiyo mpigo. Baridi, moto. Baridi, moto. Ni kama cheche ya kuni inayokurukia, ila cheche inayojua pa kutua. Kidevuni nilivumilia. Juu ya mdomo machozi yalitoka yenyewe na nilipiga chafya mara tatu. Akasema wengi hupiga chafya hapo. Harufu ni ile ya manyoya yanapobabuliwa motoni. Kulikuwa na bomba la kuvuta moshi karibu na uso wangu, lenye kelele kama kinu, na nililichukia mpaka nilipoambiwa kwamba moshi wa nywele zinazoungua una kemikali zisizofaa mapafu ya mtu, hasa yake yeye anayeuvuta kutwa.

Kikao cha pili nilijifanya mjanja. Nilinunua dawa ya ganzi ya kupaka, nikajipaka kwenye taya na makwapa, nikataka kufunga kwa karatasi ya nailoni ili iingie vizuri. Nilimweleza kwenye simu nikitegemea sifa. Akaniambia niioshe yote sasa hivi, na alisema kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili vijana kufariki: walijipaka dawa za ganzi miguuni kabla ya leza na kufunga kwa plastiki, dawa ikapenya kwenye damu kupita kiasi. Tangu siku hiyo ganzi, ikihitajika, huwekwa na yeye, kidogo, mahali padogo, naye akiwa anatazama.

Dakika chache baada ya kupigwa, vijivimbe vidogo hutokea kuzunguka kila tundu la unywele, ngozi inakuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Hiyo ndiyo habari njema. Yeye huinama na kuitafuta kwa kioo cha kukuza, na pale asipoiona huandika na kufikiri. Ngozi ikigeuka kijivu au kutoa lengelenge, hiyo ni habari nyingine. Kwangu vijivimbe vilitulia baada ya saa kadhaa. Nilikanda maji ya baridi, nikajipaka losheni ya kuzuia jua kila nilipotoka, nikakaa siku mbili bila mazoezi ya jasho wala maji ya moto.

Halafu, siku ya nane, nikampigia kwa hasira. Nywele zote zinaota! Akacheka. "Vuta mmoja kwa vidole. Kwa vidole, si kwa kibano." Nikavuta, ukaja wenyewe bila kushikilia, kama sindano kwenye pamba. Zile hazikuwa zinaota, zilikuwa maiti zinazosukumwa nje. Kwa wiki mbili kidevu changu kilikuwa na vitone vyeusi kama pilipili manga, kisha asubuhi moja nikajifuta taulo na vikabaki kwenye taulo. Baada ya hapo nilipata karibu wiki tatu za uso ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa na miaka 19. Nililala nimepitisha mkono shavuni, kama mtoto.

Na hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana zinarudi. Zilirudi zangu pia, pungufu, lakini zilirudi. Nywele za mwili hazioti kwa pamoja. Kila moja ina zamu zake: kuota, kusinyaa, kulala, kudondoka. Iliyo kwenye zamu ya kuota tu ndiyo yenye rangi iliyoungana na mzizi, na ndiyo inayokufa vizuri. Zilizolala siku hiyo zinakupita bila salamu. Kwa hiyo hakuna mashine duniani itakayomaliza kwa siku moja, na kupigwa kila wiki mbili, kama nilivyofanyiwa mwanzo, ni kupiga shamba tupu. Usoni tulianza na wiki 4 hadi 6, kisha tukasogeza kadiri zilivyochelewa kurudi. Makwapani 6 hadi 8. Miguu huenda mbali zaidi ya hapo. Kwa kikao cha sita cha kidevu yeye aliacha kabisa kuhesabu wiki, akawa ananiambia, "Njoo ukiona zimechipua." Nguvu nayo alikuwa akiipandisha kidogo kidogo: daftari linasema jouli 20 kwa sentimita mraba mwanzoni, 26 mwishoni, kichwa cha milimita 12, mpigo wa milisekunde 30. Hizo ni namba zangu na ngozi yangu, na mashine yake. Usizipeleke kwa mtu ukamwambia akupige hivyo. Nazitaja kwa sababu kule kwa kwanza, nilipouliza ninapigwa kwa kiasi gani, niliambiwa "ya kati".

Kukataliwa kwa pili kulikuja kabla ya kikao cha nne. Nilikuwa nimetoka kushinda juani siku tatu mfululizo kwenye mashindano ya shule ya mwanangu, kichwani kofia, shingoni hakuna kitu. Sikuona tofauti yoyote. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna tabia ya kudhani jua halituhusu. Yeye alinishika shingo, akanilinganisha na ngozi ya nyuma ya sikio, akafunga daftari. Ngozi iliyopigwa jua huzalisha melanini zaidi, na melanini hiyo ya juu ndiyo itakayokunywa mwanga badala ya mzizi. Nilibembeleza. Nikamwambia tupunguze nguvu basi. Akanijibu kwamba kupunguza nguvu ndiko kulikonipa hizi ndevu za taya, je, nimesahau? Nikarudi nyumbani. Wiki tano.

Ile nyota niliyoikata ilikatikia kikao cha tano. Mama Daftari alikuwa likizo, akanipiga kijana aliyekuja kumshikia. Alikuwa na adabu, alifuata namba zilizoandikwa, lakini alikuwa na haraka na hakuchora mistari ya kumwongoza. Wiki tatu baadaye nikawa na shingo ya punda milia: mstari laini, mstari wenye nywele, mstari laini. Kila mpigo unatakiwa upandane kidogo na mwenzake, na yeye aliacha njia katikati. Nilipolalamika walinirudia zile sehemu bila malipo, ila kwanza ilinibidi nisubiri zamu yake, na mapokezi walinijibu kana kwamba nimezichora mwenyewe. Tangu hapo naulizia mpigaji kabla ya kuulizia saa.

Jambo la homoni nililiweka mwisho kwa sababu nililikwepa mwisho. Mama Daftari alinisukuma nipime tangu siku ya kwanza. Mimi nilipima baada ya kikao cha tatu, alipotaka kuona karatasi kabla ya kuendelea na taya. Daktari alinipima damu na kunifanyia altrasaundi, akaniambia nina PCOS, hali ya homoni inayofanya mayai yasikomae kwa mpangilio na homoni zinazoitwa za kiume kuwa juu. Hedhi zangu za kuruka miezi, chunusi za utu uzima, ndevu: vyote kitu kimoja, nami kwa miaka 11 nilikuwa nikivitibu kimoja kimoja kwa kibano na vipodozi. Leza haigusi homoni. Inaua mizizi iliyopo, huku homoni zikiwaamsha malaika wapya kuwa ndevu. Ndiyo maana kwa mtu kama mimi kidevu hakimalizwi kama kwapa linavyomalizwa. Nimeanza dawa alizoniandikia daktari, na kati ya kikao cha sita na cha tisa tofauti ilikuwa kubwa kuliko kati ya cha kwanza na cha sita. Kiasi gani ni leza na kiasi gani ni dawa, siwezi kukigawa.

Makwapa hayana hadithi. Nywele nene, nyeusi, zimezama vizuri, homoni hazifanyi vurugu kubwa pale. Leza inapenda nywele za namna hiyo. Vikao sita, zimebaki chache laini, vipele vya wembe vimekwisha na ule weusi wa msuguano umepungua. Mtu akitaka kujaribu leza bila kuweka moyo wake rehani, aanzie kwapani.

Kuna neno "kudumu" linalotembea sana kwenye matangazo. Mamlaka ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya leza ya nywele mwaka 1995, na lugha inayokubaliwa kwa mashine hizi ni kupunguza nywele kwa kudumu, ambayo si sawa na kuziondoa kwa kudumu. Kuondoa kabisa ni kazi ya sindano ya umeme, ile inayoingizwa kwenye tundu la unywele mmoja mmoja. Ni kazi ya zamani. Daktari wa macho Charles Michel aliitumia mwaka 1875 kwa kope zinazoota kuelekea ndani ya jicho. Haijali rangi, ndiyo maana nimeihitaji: nina nywele nne nyeupe kidevuni, na nyeupe haina melanini ya kunywa chochote. Leza ilizipita mara tisa kama hazipo. Nimeshaondolewa mbili kwa sindano. Inachosha, ni unywele mmoja kwa wakati, lakini zile mbili hazijaonekana tena.

Na mashine za nyumbani? Nimeulizwa mno. Nyingi ni IPL ndogo, na zilizo na adabu zina kihisio kinachogoma kuwaka kikigusa ngozi kama yangu. Shemeji yangu alikuwa akitafuta namna ya kukidanganya hicho kihisio. Nilimwonyesha picha ya mashavu yangu yenye mihuri.

Hali ya leo: nilikuwa nanyoa kila asubuhi, sasa nanyoa mara moja kwa siku kumi hivi, na nikihesabu mbele ya dirisha napata nywele ishirini na kidogo zilizo nene, nyingi upande wa kushoto wa taya, pale pale IPL ilipoziamsha. Miadi ijayo ni baada ya miezi sita, kikao cha kupalilia, kama anavyokiita yeye. Madoa chini ya kidevu yanaendelea kufifia. Kibano cha chini ya mto nilikitumia juzi kutoa mwiba kwenye unyayo wa mwanangu. Cha ofisini bado kipo nyuma ya boksi la pini, sijakitupa.